Makabaila wa Urusi na kiti cha enzi: waliweza kumuua Tsar, hawakuweza kumfunga kwa sheria

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tukifika kwenye Mapinduzi ya Urusi kuna swali linarudi kutoka madawati ya nyuma: "Mwalimu, Tsar alikuwa na makabaila waliokula mezani kwake miaka mia tatu. Mwaka 1917 walikuwa wapi?" Huwa najibu kwa vita, kwa foleni za mkate Petrograd, kwa udhaifu wa Nikolai II. Si uongo, lakini mwanafunzi hajaulizia mkate. Ameulizia makabaila. Mwaka huu nimejipa kazi ya kulijibu vizuri, na nimeona nilimwage hapa ili mnikosoe. Ni uzi mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Kwanza neno lenyewe. "Kabaila" wengi wetu tulilipata kwenye Azimio la Arusha, likimaanisha mwenye ardhi anayeishi kwa jasho la wengine. Kwa Urusi linafaa, ila kuna kitu linakificha. Warusi walimwita *dvoryanin*, na neno hilo linatokana na *dvor*, yaani ua, baraza la mfalme. Kabaila wa Kirusi ni mtu wa uani kwa mfalme kabla hajawa mtu wa shamba. Naomba mlishike hilo.

Moscow ya karne ya 15 na ya 16 ilikuwa na ardhi tele, fedha kidogo na maadui pande tatu. Mfalme hakuwa na mishahara ya kulipa jeshi, akalipa kwa ardhi: chukua vijiji hivi ule humo, ila ukiitwa vitani uje na farasi wako, silaha zako na watu wako. Ukiacha kutumika, ardhi inarudi. Ardhi ya namna hiyo iliitwa *pomestye*. Lakini shamba bila mikono ni pori, na wakulima walikuwa wanahama, wanakimbilia kusini au kwa bwana tajiri zaidi. Makabaila wadogo wakamlilia mfalme miaka na miaka, hadi sheria ya Tsar Aleksei ya mwaka 1649 ikafunga mlango: mkulima na kizazi chake ni mali ya bwana wake, na akitoroka atasakwa bila ukomo wa miaka. Hapo utwana ukakamilika kisheria.

Basi makubaliano yakawa hivi: kabaila anamtumikia Tsar, mtwana anamtumikia kabaila. Hakuna aliyeyaandika popote kwa maneno hayo, lakini kila mtu aliyajua, mtwana kuliko wote.

Aliyeyakaza hadi mwisho ni Pyotr I, yule tunayemwita Peter Mkuu. Kwake kabaila alianza utumishi akiwa na miaka 15 na akatoka kwa kifo au ulemavu. Vijana wa koo kubwa waliingia vikosi vya walinzi wa mfalme, Preobrazhensky na Semyonovsky, kama askari wa kawaida, wakilala kambini na kushika zamu. Mwaka 1714 akatoa amri kwamba mtoto wa kabaila asiyekuwa na cheti cha hesabu asifungishwe ndoa. Fikirieni, padri anakuuliza cheti cha hesabu kabla ya kukuozesha! Kisha mwaka 1722 ikaja Orodha ya Vyeo, ngazi 14, jeshini na maofisini. Ukifika ngazi ya 8 katika utumishi wa kiraia, wewe na watoto wako mnakuwa makabaila. Jeshini ilitosha kufika cheo cha chini kabisa cha ofisa. Aleksandr Menshikov aliyetoka familia duni akawa mwana wa mfalme kwa cheo, na watu wenye damu ya miaka mia saba wakasimama kumpisha.

Ukabaila sasa unatoka mkononi mwa Tsar, na anayeutoa anaweza kuunyang'anya.

Naweka kituo. Kipande kinachofuata ni mwaka 1730, na kwangu mimi huo ndio mwaka muhimu kuliko yote katika habari hii.

Mchangiaji

Mwalimu, tupo. Swali moja kabla hujaendelea. Uingereza mabwana walimbana mfalme wao mwaka 1215 akatia muhuri Magna Carta. Hawa wa Urusi walishindwa nini? Walikuwa waoga?

Mleta mada

Ahsante mkuu, swali limekuja mahali pake. Waoga hawakuwa, utaona jinsi walivyoua wafalme. Tatizo lilikuwa kwenye ardhi na urithi. Bwana wa Kiingereza alimrithisha mtoto mmoja wa kwanza, ukoo ukabaki na ngome yake na jimbo lake. Kabaila wa Kirusi aligawa vijiji kwa watoto wote wa kiume. Vizazi vitatu tu, na ukoo mkubwa umebaki na vipande, kimoja Ryazan, kingine Tula, kingine mbali kabisa. Hata jina la *knyaz*, mwana wa mfalme, lilirithiwa na watoto wote, kwa hiyo walikuwepo wana wa wafalme waliolima wenyewe. Pyotr alijaribu mwaka 1714 kulazimisha mrithi mmoja, na makabaila ndio waliopinga hadi sheria ikafutwa mwaka 1730. Mtu asiye na ngome wala jimbo lake, riziki yake ni cheo, na cheo kinatoka ikulu.

Sasa tuingie 1730. (Tarehe natumia za kalenda ya zamani ya Urusi.)

Pyotr alikuwa amefuta desturi ya urithi wa kiti mwaka 1722: Tsar atamteua mrithi amtakaye. Akafa Januari 1725 bila kumteua mtu. Walinzi wakazunguka ikulu, mjane wake Ekaterina akawekwa. Naye akafa 1727, akaja mjukuu, Pyotr II, mtoto wa miaka 11. Koo mbili kubwa zikamshika, hasa Dolgoruky, hata wakamchumbia binti yao. Harusi ikapangwa Januari 19, 1730. Makabaila wakafurika Moscow kutoka kila pembe, na nguo zao za sherehe. Usiku wa kuamkia harusi, kijana akafa kwa ndui.

Mji umejaa makabaila na hakuna Tsar. Nafasi kama hiyo hawakuwa wameipata tena tangu mwaka 1613, pale baraza lilipomchagua Romanov wa kwanza.

Madaraka yalikuwa kwa Baraza Kuu la Siri, watu wanane, wanne wao Dolgoruky na wawili Golitsyn. Kichwa chao kilikuwa Dmitry Golitsyn, mzee msomi mwenye maktaba kubwa. Akapendekeza wamwite kitini Anna, binti wa kaka yake Pyotr, mjane aliyekuwa anaishi kwa shida Mitau huko Courland. Lakini aje na masharti. Wakayaandika. Bila ridhaa ya Baraza hataolewa, hatateua mrithi, hataanzisha vita wala kufanya amani, hatatoza kodi mpya, hatatoa vyeo vya juu ya kanali, hatatumia mapato ya dola apendavyo. Na kabaila hatanyang'anywa uhai, mali wala heshima bila hukumu. Anna akatia saini. Kwa majuma kadhaa, Urusi ilikuwa na mfalme aliyefungwa kwa karatasi.

Kilichovunja mpango hakikuwa Anna. Ni makabaila waliokuja harusini. Habari zilipovuja waliuliza jambo moja: masharti haya yanampa nani nguvu? Yanawapa watu wanane, wengi wao wa koo mbili. Mtu mwenye roho thelathini au hamsini (watwana walihesabiwa kwa "roho", wanaume tu) hakumwogopa Tsar kama alivyomwogopa Dolgoruky. Tsar yuko mbali na ni mmoja. Dolgoruky ni jirani mwenye wakwe, mahakama na deni lake la zamani. Wakaanza kuandika mapendekezo yao, moja likiandaliwa na Vasily Tatishchev, mwanahistoria. Mamia walitia saini. Walitaka baraza pana zaidi, muda wa utumishi upunguzwe, sheria ya urithi ifutwe. Baraza likasita kuwapa. Hapo ndipo Golitsyn alipopoteza kila kitu, kwa sababu angewapanulia mlango siku zile, huenda tungekuwa tunasoma Urusi nyingine.

Anna hakuwa mjinga. Alipofika kijiji cha Vsesvyatskoye nje ya Moscow aliwapokea walinzi wa Preobrazhensky, akajitangaza kanali wao, akawamiminia vinywaji kwa mkono wake. Masharti yalikuwa yamewaweka walinzi chini ya Baraza, na hakuna aliyemzuia.

Februari 25 makabaila wakaingia ikulu na ombi la kutaka mapendekezo yao yajadiliwe. Maofisa wa walinzi wakaanza kupiga kelele kwamba hawatakubali mtu ampangie mfalme wao sheria. Jioni likasomwa ombi jingine, la kumsihi Anna achukue mamlaka kamili kama wazee wake. Anna akauliza, kana kwamba anashangaa, ikiwa masharti aliyosaini Mitau hayakuwa matakwa ya watu wote. Wakajibu hayakuwa. Akaagiza karatasi iletwe, akaichana mbele yao. Karatasi ile imehifadhiwa Moscow mpaka leo, na mpasuko wake.

Inasimuliwa kwamba Golitsyn alisema karamu ilikuwa tayari ila wageni hawakuistahili. Mimi simwungi mkono moja kwa moja, kwa sababu aliyeandaa karamu hiyo alisahau kuwaalika wageni. Lakini mzee alilipa: alifia gerezani Shlisselburg mwaka 1737. Miaka miwili baadaye Dolgoruky kadhaa wakauawa hadharani.

Mchangiaji

Hapo pa kumwogopa jirani kuliko mfalme nimepasoma mara mbili. Endelea mwalimu. Na kama inawezekana gusia habari ya yule Mwafrika wa Peter Mkuu, nilisikia alikuwa kabaila kabisa.

Mleta mada

Ndiyo ndugu, na anaingia vizuri kwa sababu maisha yake yanaonyesha mfumo wenyewe. Abram Gannibal alichukuliwa utumwani Afrika akiwa mtoto. Wataalamu bado wanabishana kama ni pande za Eritrea au karibu na Ziwa Chad. Akapitia Istanbul, akafikishwa kwa Pyotr, ambaye alimsimamia ubatizo na kumpeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa ngome. Pyotr alipokufa, Menshikov akamtupa Siberia. Elizaveta, binti wa Pyotr, alipotwaa kiti, Gannibal akapewa ukamanda wa mji wa Reval, ardhi ya Mikhailovskoye huko Pskov pamoja na watwana wake, na mwisho cheo cha jenerali mkuu. Kwenye ombi lake la nembo ya ukoo alitaka picha ya tembo. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake, na shairi zake kadhaa aliziandika kwenye shamba hilohilo la Mikhailovskoye.

Napenda kisa hiki, na pia kinaniuma. Mtoto aliyenunuliwa akawa mwenye watwana weusi kwa weupe? La, weupe watupu, wakulima wa Kirusi. Rangi haikuwa kizuizi kwa sababu kilichohesabiwa ni utumishi kwa Tsar. Na mlango huo ukifunguka, zawadi yake ilikuwa binadamu wengine.

Tukimtaja Elizaveta, tazama alivyoingia. Novemba 1741, usiku, alikwenda kambi ya Preobrazhensky, akabebwa hadi ikulu na askari wapatao 300, wakamtoa kitini mtoto mchanga Ivan VI. Baadaye askari hao wote wakafanywa makabaila, hata wale waliozaliwa vijijini kwa wakulima, kila mmoja na watwana wake. Usiku mmoja wa kazi.

Baada ya hapo makabaila walidai malipo yao taratibu. Anna alikuwa ameshapunguza utumishi mwaka 1736 kuwa miaka 25. Februari 18, 1762, Pyotr III akatangaza kwamba kabaila halazimiki tena kutumika: anaweza kukaa shambani kwake au kusafiri nje. Miezi minne baadaye walinzi haohao wakampindua na kumweka mkewe, Ekaterina II. Akafia Ropsha mikononi mwa wafuasi wa mkewe. Kuwapa kila kitu hakukumwokoa, kwa sababu aliwaudhi walinzi kwa sare za Kiprusia na amani aliyofanya na Prussia wakati Urusi inashinda.

Mwaka 1785 Ekaterina akawaandikia Hati ya Haki: kabaila hapigwi viboko, halipi kodi ya kichwa, anahukumiwa na makabaila wenzake, mali yake haiguswi, na kila mkoa una mkutano wao na kiongozi wao. Hapo ndipo walipofikia kilele chao. Lakini hakuna mstari hata mmoja unaowapa neno juu ya kodi, vita au sheria za nchi. Walipewa uhuru wa nyumbani, siasa ikabaki ikulu.

Mwanawe, Pavel I, akaonyesha hati hiyo ina uzito gani. Akarudisha viboko kwa kabaila aliyepatikana na hatia, akawatoza, akawarudisha kazini kwa nguvu. Usiku wa Machi 11, 1801, maofisa chini ya mpango wa Count Palen wakaingia chumbani kwake katika ngome ya Mikhailovsky wakamuua. Mwanawe Aleksandr akaithibitisha Hati.

Nawaulizeni: kati ya 1725 na 1801, nani alikuwa na nguvu zaidi ya walinzi wale? Hakuna. Na kila mara walipomaliza kazi walimpigia magoti mfalme mpya mwenye mamlaka yaleyale ya yule waliyemtoa.

Mchangiaji

Mwalimu, nikukosoe kidogo. Umewataja watwana kama mali inayogawiwa, lakini wao walikuwa wanafikiri nini? Kama bwana wangu amepewa mimi kwa sababu anatumika, na sasa hatumiki tena, mimi nabaki kwake kwa haki gani?

Mleta mada

Kaka, umenikosoa kwa haki kabisa. Ungekuwa darasani kwangu ungepata alama zote.

Hilo ndilo wakulima waliloliuliza baada ya 1762. Kwao tangazo lilikuwa nusu, na nusu ya pili ilikuwa lazima ifuate. Wengi waliamini Tsar ameshaiandika, mabwana wameificha. Ndiyo maana Pugachev alipoinuka mwaka 1773 alijiita Pyotr III: mfalme aliyewaachia makabaila, sasa amerudi kuwaachia wakulima. Alitangaza ardhi na uhuru, na makabaila walichinjwa na familia zao kando ya Volga. Nusu ile ya pili ilikuja Februari 19, 1861. Hesabuni: miaka 99 na siku moja.

Ugomvi huo wa Pugachev uliwafunga makabaila kwa Tsar kuliko hati yoyote. Kila kabaila sasa alijua kwamba kati yake na shoka la mtwana kuna jeshi la mfalme tu. Kama unalala usingizi kwa sababu ya jeshi la mtu, huwezi kumdai katiba.

Walijaribu mara moja tu kwa moyo. Maofisa waliomfukuza Napoleon hadi Paris walirudi wakiona aibu kwa kile walichokikuta nyumbani. Desemba 14, 1825, wakaleta askari wapatao 3,000 uwanja wa Seneti huko St. Petersburg, wakidai katiba, na wengi wao wakitaka utwana ukome. Nikolai I akawapiga mizinga. Watu 121 walihukumiwa, watano wakanyongwa, zaidi ya mia moja wakapelekwa Siberia. Maria Volkonskaya na Ekaterina Trubetskaya wakawafuata waume zao huko, wakiacha mali na haki za ukabaila. Wengine wanawaona hawa kuwa vijana wa ndoto. Mimi nawaona kuwa makabaila wa kwanza walioelewa kwamba huwezi kumfunga Tsar bila kumfungua mtwana. Baada yao Nikolai alitawala kwa makarani na polisi wa siri, makabaila wakarudi mashambani.

Na mashambani hela zilikuwa zinaisha. Kufikia 1859 karibu theluthi mbili ya watwana walikuwa wamewekwa rehani kwenye benki za serikali. Yaani bwana anadaiwa na Tsar kwa dhamana ya watu aliopewa na Tsar. Ndiyo maana Aleksandr II alipowaambia makabaila wa Moscow mwaka 1856 kwamba ni heri utwana ufutwe kutoka juu kuliko kungoja ujifute kutoka chini, walinung'unika lakini hawakuweza kumzuia. Serikali iliwalipa fidia ya ardhi iliyokwenda kwa wakulima, ikakata kwanza madeni yao, na wakulima wakaachiwa kuilipa serikali kwa miaka 49.

Kuanzia hapo ukabaila unauzwa kipande kipande. Mwaka 1885 ikaanzishwa Benki ya Ardhi ya Makabaila kwa riba nafuu, lakini kati ya 1877 na 1905 walipoteza zaidi ya robo ya ardhi iliyobaki. Wachache waliingia kwenye zemstvo, mabaraza ya mikoa, wakajenga shule na zahanati, na wakaomba kwa upole washirikishwe katika utawala. Januari 1895 Nikolai II aliwajibu kwamba hizo ni ndoto zisizo na maana. Wakati huo makabaila wa kurithi walikuwa takriban asilimia moja ya watu wa dola lote. Mwaka 1905 wakulima wakachoma majumba yao kwa maelfu, wakamkimbilia tena Tsar, na sheria ya uchaguzi ya 1907 ikawapa viti vingi bungeni. Ila mchezo ule wa kupangiana na walinzi usiku haukuwepo tena. Maofisa wengi wa vita vya 1914 walikuwa watoto wa makarani, walimu na wakulima.

Desemba 1916 *knyaz* Felix Yusupov na Dmitry Pavlovich, binamu wa Tsar, walimuua Rasputin, yule mponyaji aliyeaminiwa na Tsar na mkewe, kwenye jumba la Yusupov kando ya mto Moika. Mbinu ileile ya karne ya 18, ya kuondoa mtu mmoja usiku ili mambo yanyooke. Hakuna kilichonyooka.

Machi 2, 1917, Tsar yuko kwenye treni Pskov. Makamanda wa medani zote wameulizwa kwa simu ya maandishi, na majibu yao yanamshauri aondoke, akiwemo Nikolai Nikolaevich wa ukoo wake mwenyewe. Waliokwenda kupokea karatasi ya kujiuzulu walikuwa wawili, Guchkov na Vasily Shulgin. Shulgin alikuwa kabaila wa Volhynia, mwenye shamba, mpenda ufalme hadi kufa kwake. Naye alikwenda akiamini kwamba kumtoa Nikolai ndiyo njia ya kuuokoa ufalme, kama babu zake walivyoamini mwaka 1762 na 1801. Siku iliyofuata Mikhail, mdogo wake Tsar, akakataa kiti, na hapakuwa na mwingine wa kupigiwa magoti.

Mchangiaji

Kwa hiyo jibu la wale wanafunzi wa nyuma ni lipi mwalimu?

Mleta mada

Kwamba walikuwepo, mkuu, palepale kwenye treni. Chumba kile kilikuwa na makabaila kuliko watu wa aina nyingine yoyote. Walikuwa wanafanya kitu pekee walichowahi kujifunza kumfanyia Tsar.

Na serikali iliyofuata siku hiyo iliongozwa na Georgy Lvov, *knyaz* wa damu ya Rurik, ukoo uliotawala Urusi kabla Romanov hajajulikana. Miezi minane baadaye, Novemba 1917, amri ya Wabolsheviki ikafuta vyeo na matabaka yote. Lvov alifia Paris mwaka 1925.

Kesho nina kipindi cha kwanza na kidato cha sita. Nitawapeleka 1730 kwanza, ndiyo nije 1917. Mwenye la kurekebisha aliandike usiku huu, nitapita kabla sijalala.